Kizibo Juu ya Pipa la Maji Moto

Asubuhi za Kituntu mwezi wa Juni zina baridi ya kung'ata masikio. Kemirembe, msichana wa darasa la sita, aliamka kila siku kabla jua halijachomoza, akafagia uwanja, akateka maji, kisha akawasha moto wa kuogea. Kazi hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote, maana nyumba yao ilikuwa na kitu ambacho majirani walikuja kukitazama: jiko la maji moto.

Lilijengwa na fundi Elpidius wa Kiruruma kwa ajili ya Bibi Vestina, ambaye magoti yake hayakupatana tena na maji baridi. Lilikuwa pipa la chuma lililolazwa juu ya tanuri la matofali, nje ya ukuta wa bafu. Baba yake Kemirembe, Desderius, mtu wa kubishana hata na mvua, alitaka lijengwe ubavuni mwa jiko la kupikia ili kuni ziwe karibu. Fundi alikataa katakata. Paa la jiko lile ni la nyasi, alisema, na cheche haina adabu. Akalijenga mbali, akapandisha dohani juu kupita bati la nyumba, na mgongoni mwa pipa akachomeka bomba fupi lililo wazi. Akawaagiza wajaze maji kwanza ndipo wawashe moto, na lile bomba fupi wasilizibe kamwe. Kwa nini wasilizibe hakueleza, na Kemirembe hakuuliza.

Jumapili moja kuni zilikuwa na umande. Mama alikuwa ametangulia kanisani, na Kemirembe, mwimbaji wa kwaya ya watoto, aliona anachelewa. Maji yalikuwa vuguvugu tu, na mvuke wote ulikuwa ukitoka kwenye bomba fupi na kupotea hewani. Msichana akakasirika. Bibi anapopika ndizi hufunika sufuria kwa majani ya mgomba na kuyashindilia pembeni, na mtu akifunua kidogo tu humgombeza kwamba anatoa mvuke, ndizi hazitaiva. Ikiwa mvuke ukifungiwa huivisha ndizi haraka, kwa nini usichemshe maji haraka?

Basi akachonga kijiti cha mti wa kahawa, akakizungushia jani la mgomba, akakipigilia kwa jiwe mdomoni mwa bomba. Mvuke ukakoma. Akajiona ana akili kuliko fundi.

Haukupita muda, pipa likaanza kugonga. Kwanza polepole, halafu kwa nguvu, na ndani yake ukasikika mngurumo ambao Kemirembe hakuwahi kuusikia. Alitaka kukichomoa kile kijiti, lakini kila aliponyoosha mkono, joto lilimrudisha nyuma.

Baba akapita na kamba ya ng'ombe begani. Akasimama na kusikiliza.

"Kuna mtu amegusa hapa?"

Kemirembe aliikumbuka fimbo iliyochomekwa darini. "Hapana, Tata. Sijagusa kitu."

Baba akaridhika kwamba ni maji tu yanachemka. Akaongeza magogo mawili makavu, akaenda zizini.

Hapo ndipo Bibi Vestina alipotoka ndani, amejifunika shuka, kigoda mkononi. Akakiweka karibu kabisa na tanuri, akaketi na kunyoosha magoti yake kwenye joto. Kemirembe alimsihi akae ndani hadi maji yawe tayari. Bibi akacheka, akasema moto huo ulijengwa kwa ajili yake na hatauacha.

Kemirembe alitazama pipa. Uso wake wa mbele, uliokuwa bapa siku zote, sasa ulikuwa umevimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Aliogopa fimbo, aliogopa aibu, lakini alipomwona Bibi anafumba macho kwa raha, hofu moja ikazimeza nyingine zote.

"Bibi, inuka. Nimeziba bomba. Pipa litapasuka."

Bibi alifumbua macho. Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Kemirembe akamkumbatia kiunoni, akamnyanyua, wakajikokota hadi katikati ya miti ya kahawa. Baba aliyasikia maneno hayo kutoka zizini, akaja mbio na kuelekea moja kwa moja kwenye pipa, mkono mbele, akitaka kukichomoa kijiti.

"Desderius, simama hapo hapo," Bibi alisema. "Mpigie fundi."

Baba alipiga simu. Sauti ya Elpidius ilisikika hadi kwa Kemirembe: "Asikaribie mtu. Msikiguse hicho kizibo, wala msimwage maji kwenye moto. Kaeni mbali, uacheni moto ufe wenyewe."

Wakasubiri. Kemirembe alisali bila kujua anasema nini. Ghafla ukasikika mshindo, nao uso wa pipa ukapasuka. Maji yanayochemka na mvuke mweupe vikafunika tanuri lote, na kigoda kikarushwa hadi kwenye migomba. Wote watatu walikuwa wazima.

Kesho yake fundi Elpidius alikuja na pipa jingine. Safari hii alieleza sababu: sufuria ya ndizi, hata ikishindiliwa majani, mvuke ukizidi huyainua na kutoka. Pipa la chuma halina mahali pa kupumulia isipokuwa lile bomba. Akarefusha bomba hilo hadi juu ya ukuta, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Fimbo haikushushwa darini. Baba alishindwa hata kugomba. Lakini Bibi alimwita Kemirembe, akamketisha mbele yake.

"Kuziba bomba lilikuwa kosa la kutojua, na asiyejua huuliza," alisema. "Lakini baba yako alipokuuliza, ulikuwa unajua. Uongo ule ndio ulioniketisha mimi kwenye moto. Ukikosea tena, mjukuu wangu, sema palepale, hata kama unatetemeka. Fimbo ya baba yako ningeweza kukuombea msamaha. Maji yale, nani angeyaomba?"