Mpini Unaojibu

Kila Jumamosi, umande ukiwa bado majanini, Chiriku alifagia maranda kwenye kibanda cha shangazi yake. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akifagia, alizungumza na ufagio.

Shangazi alikuwa fundi wa mipini ya majembe. Ufundi aliurithi kwa baba yake, na watu walitoka mbali kumfuata. Akiona matawi mtini alijua mara moja: "Hili mpini, lile kuni." Hakukata mti mzima. Alichukua tawi moja, akauacha mti uendelee na maisha yake. Tawi alilimenya gome, akalilaza kwenye uchaga juu ya jiko, likakaa miezi miwili likila moshi. Ndipo alipolichonga kwa tezo, polepole, hadi likawa laini kama shavu la mtoto.

"Shangazi, unajuaje kama limekauka?" Chiriku aliuliza siku ya kwanza ya kujifunza.

"Si uliulize lenyewe?" Shangazi aligonga tawi kavu kwa kifundo cha kidole. Ti! Kisha akagonga bichi. Bu. "Umesikia? Kavu hujibu. Bichi hung'ung'unika tu."

Tangu hapo Chiriku aligonga kila kitu: milango, viti, hata kichwa cha binamu yake. Mikono yake ilipotoka malengelenge kwa kushika tezo, Shangazi alichana kitambaa safi, akamfunga vidole kimoja kimoja.

Jumamosi moja Mama Pacha, jirani yao, alifika na jembe lililovunjika mpini. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, mwingine amemshika mkono.

"Dada yangu, mvua imeshanyesha na mimi sijalima hata tuta," alisema.

Shangazi alikuwa akijiandaa kwenda kumwona mgonjwa. Akatazama uchaga. Tawi kavu lilikuwa limebaki moja tu.

"Fundi wako leo ni huyu," alisema, akamwekea Chiriku mkono begani. "Chiriku, taratibu. Ukikwama, ningoje."

Binamu alicheka. "Mama Pacha, kazi unayo! Huyu atatoboa mpini au atatoboa mguu?"

"Wewe ngoja tu, utaona!" Chiriku alimjibu.

Wote walipoondoka, Chiriku alichonga vizuri. Lakini kwenye kutoboa kichwa cha mpini, ambapo mkia wa jembe hupita, palitaka subira. Chuma kinatiwa motoni, kinachoma kidogo, kinarudi motoni tena. Chiriku aliyakumbuka maneno ya binamu, akakigonga chuma kwa nguvu ili amalize haraka. Kwa! Mpini ukapasuka.

Alitazama mlangoni. Hakuna aliyeona. Pembeni palikuwa na tawi lililokatwa juzi. Aligonga. Bu. Akajifanya hajasikia. Alilichonga, akalitoboa, kipande cha mwisho alichokikata akakisukumia karibu na jiko. Kisha akaupaka mpini majivu hadi ukafanana na uliokula moshi.

Jioni Mama Pacha aliupokea kwa mikono miwili. "Mwanangu! Kumbe tuna mafundi wawili? Kesho naamkia shamba. Mmoja nitambeba, mwenzake atakaa mbele yangu nimwone."

Chiriku alichukua ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Asubuhi, alipokuwa akiwasha jiko, aliona kile kipande cha tawi. Joto la jiko lilikuwa limekikausha, nacho kimepasuka kutoka upande hadi upande, ufa wa kuingiza ukucha. Akakumbuka maneno ya Mama Pacha: mwenzake atakaa mbele yangu. Moyo ukamwenda mbio, na miguu ikaufuata hadi shambani.

"Mama Pacha! Simama! Usilime!"

Mama Pacha alilishusha jembe. Hatua tatu mbele yake, mtoto alikuwa amekaa akichezea udongo. Chiriku alilishika jembe, akalitikisa. Lilicheza kama jino bovu. Akalivuta, likachomoka zima zima kwenye mpini.

"Lingeruka," alisema, machozi yakimtiririka. "Ule mkavu niliupasua. Huu mbichi. Nikaupaka majivu. Nimekudanganya, mama."

Mama Pacha alimwinua mtoto, akamkumbatia. Kisha akamfuta Chiriku uso kwa ncha ya kanga yake. "Umenitia hofu, mwanangu. Lakini umekuja. Twende kwa shangazi yako."

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akatoka na jembe lake mwenyewe, ambalo mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa miaka ya kushikwa. "Limia hili, jirani, hadi lako liwe tayari." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe nenda ukamsaidie. Matuta yote."

Chiriku alilima siku nne. Siku ya pili binamu alikuja na jembe lake, akaanza tuta la kando bila utani wowote. Baadaye Chiriku alikwenda na Shangazi kutafuta tawi, akalimenya, akaliweka kwenye uchaga. Miezi miwili alilitazama kila siku bila kuligusa. Siku ya kutoboa, chuma kilirudi motoni mara kumi na saba. Alihesabu.

Mama Pacha alipouchukua mpini, Chiriku alimzuia. "Kwanza uulize, mama."

Mama Pacha akagonga. Ti! Pacha wote wawili wakacheka, wakataka na wao wagonge.

"Huyo amejibu," alisema Shangazi, akitabasamu. Kisha akakaa kwenye gogo, akamvuta Chiriku karibu. "Mpini uliopasuka mikononi mwako ni somo, mwanangu. Mimi nimepasua mingi, na baba yangu alipasua zaidi. Lakini ukiuficha ufa, ule mpini utakuja kupasuka mikononi mwa mwenzio, na hapo ni jeraha. Fundi hujulikana kwa jinsi anavyosema ukweli kazi inapoharibika."

Chiriku akachukua ufagio, akaanza kufagia maranda, na safari hii ufagio ulisimuliwa habari yote tangu mwanzo.