Spana ya Kumi na Nne

Haya yalimfika rafiki yangu, mjane wa fundi magari, Mungu amlaze marehemu pema. Halmashauri ilikuwa imeupiga marufuku uwanja wao wa vyuma chakavu, na asubuhi hiyo winchi ilikwisha kubeba kila kitu isipokuwa lori la mumewe na sanduku lake la spana.

"Mama, sogea," alisema msimamizi wa halmashauri. "Lori bovu hili, humu hata kuku hatagi."

"Basi kamwambie kuku wako. Mimi sibanduki."

Ndipo uvunguni mwa lori, gizani, chuma kikagongwa mara tatu.

Miaka ishirini marehemu aliomba spana ya saizi ya kumi na nne kwa kugonga hivyo hivyo, akiwa amelala chini ya gari. Mkono wa mjane ukamtangulia, akaitoa sandukuni, akaisukuma gizani.

Msimamizi alicheka, akainama na tochi. "Hakuna mtu! Inua!"

"Mtamngoja amalize," alisema mjane.

Winchi ikanguruma, lori likapanda. Chini palibaki udongo mkavu, wala spana haikuwapo. Ndipo wote wakasikia kule juu, tumboni mwa lori linaloning'inia, nati yenye kutu ikifunguliwa polepole: krii, krii, krii.