Mlio Nyuma ya Skrini

Ujumbe uliingia kwenye Nokia yake akiwa bado juu ya pikipiki.

"Paa inavuja. Panda wewe."

Amisa aliufuta. Katika Idara ya ujasusi maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: ofisi ya Kasongo ina sikio la adui ndani yake, nenda ukalitafute.

Wajumbe wawili walikwisha kuuawa kwenye barabara ya Kabambare. Wote walipigwa risasi mahali pabovu, pale ambapo pikipiki husukumwa kwa mkono. Waliowaua walijua siku. Walijua na njia.

Na leo mjumbe wa tatu, Héritier, alikuwa anatoka Kabambare na kadi ya kumbukumbu iliyojaa picha: masanduku ya bunduki yakibadilishwa kwa dhahabu ya Lusangi. Kadi isipofika, bunduki zitagawanywa. Héritier asipofika, mke wake Régina atakuwa mjane wa tatu.

Amisa alishuka sokoni, akakaza kitambaa kichwani. Chini ya kitenge, bastola ya Browning. Ndani ya mfuko, bisibisi.

Kwa nje ofisi ilikuwa duka la kuchapa barua na kutoa kopi, ukuta kwa ukuta na msikiti. Mzee Zakaria, mkuu wa kituo, alikuwa anakunywa chai. Aurélie, mchapaji wake, alikuwa amejiziba sikio moja kwa pamba.

"Una kidonda?" Amisa aliuliza.

"Hapana, yaya," Aurélie alisema, kama kwa dada mkubwa. "Ni hii ekra ya kompyuta. Iko inalia tangu ifike."

"Hakuna kinacholia," Zakaria alisema. "Huyu mutoto anatafuta likizo."

Lakini Amisa aliusikia. Mlio mwembamba, mkali, kama mbu aliyenasa ndani ya jino.

Mzee hakuwa mwongo. Masikio ya umri wake hayashiki tena sauti nyembamba namna ile.

"Ilitoka wapi?"

"Ile yetu ya bapa iliungua. Monsieur Rolf akatuletea hii. Yule mzungu mnunuzi wa mawe ya dhahabu, kule Lusangi. Mutu akikuletea kitu mpaka mlangoni, utamufukuza?"

Ilikuwa skrini ya zamani, ya kichogo, nzito kama jiwe la kusagia. Za namna hiyo huimba zikizeeka. Koili ya nyuma hulegea, basi. Si kila mlio ni adui. Amisa alivuta kiti, akaanza mwanzo.

Alipunguza mwanga. Mlio ule ule.

Alibadilisha ukubwa wa picha, kisha kasi yake. Koili ikilegea, hapo sauti hupanda au hushuka. Hii haikupanda. Haikushuka.

Alichomoa waya wa kompyuta. Alihamisha plagi. Alibana plastiki ya kichogo kwa viganja viwili.

Ule ule.

"Ipige kofi," Zakaria alimshauri. "Redio yangu huwa inapona hivyo."

"Redio yako ilishakufa, papa," Aurélie alisema.

Kipaza sauti cha msikiti kilikohoa. Adhuhuri. Aurélie alisimama bila kuambiwa, akaenda uani kuzima jenereta. Wote waliopakana na msikiti hufanya hivyo saa za sala, Waislamu na Wakristo, ili injini isiifunike adhana. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Mtu wa Kasongo anakua nayo.

Injini ilizimika. Feni ikasimama. Skrini ikafumba jicho lake.

Mlio ukaendelea.

Siku zote Aurélie hungoja uani mpaka sala iishe. Leo alirudi, akaganda mlangoni. "Yaya, mbona..."

Amisa aliweka kidole mdomoni.

Skrini isiyo na umeme hailii. Ndani ya kile kichogo kulikuwa na kitu kingine, chenye betri yake. Aliyekiweka alitegemea ngurumo ya jenereta imfichie siri mchana kutwa. Alijua bei ya dhahabu. Hakujua ujirani.

Alilegeza skrubu polepole. Kioo cha namna ile hushika umeme hata kikizimwa, na umeme huo huua. Alifunga waya kwenye bisibisi, akauegemeza mwisho wake kwenye chuma, akagusa nyuma ya kioo kwa ncha ya bisibisi, mkono wake wa pili mgongoni.

Tak. Cheche ya buluu.

Akaingiza tochi. Nyuma kabisa, kimebandikwa kwa gundi: kisanduku kidogo kama kiberiti, laini ya simu, kinasa sauti. Kilikuwa kinanyonya umeme wa skrini wakati wa kazi na kusikiliza saa zote.

Zakaria alichungulia. Akaiweka glasi ya chai mezani. Alimvuta Amisa mpaka uani.

"Asubuhi nilimupigia Héritier," alinong'ona. "Pale pale mezani. Nilitaja kivuko."

Basi wenye bunduki walikuwa wameshatangulia kivukoni.

Amisa alipiga simu ya Héritier. Haipatikani. Alifungua Thuraya, simu ya setilaiti, akaita makao makuu.

"Ngazi kwa Paa."

"Sema."

"Sikio nimeliona. Nataka askari Lusangi, njia ya machimbo. Wajifiche."

"Na mjumbe?"

"Hana mtandao. Niachieni mimi."

Alirudi ndani, akaketi karibu na skrini, akaweka Nokia sikioni. Hakukuwa na mtu upande wa pili.

"Héritier? Umeacha barabara kubwa? Uko wapi? ... Machimbo ya Lusangi. Sawa. Jifiche hapo na kadi yako, usisogee mpaka jioni."

Mlio uliendelea.

Kisha Zakaria, bila kuombwa, alisema kwa sauti ya mtu aliyeudhika, "Mwambie yule kichwa ngumu, mnyororo wa pikipiki nilimwambia abadilishe. Sasa iko analala porini na nyani."

Sauti yake haikutikisika.

Walingoja. Jenereta iliwashwa tena, Aurélie akatoa kopi za watu, wakazungumza juu ya mvua na bei ya mawese. Hakuna aliyeitazama skrini.

Baada ya alasiri pikipiki ilizimika nje. Héritier aliingia, tope mpaka kiunoni, akaweka kadi kiganjani mwa Amisa. Walitoka naye uani.

"Kivukoni nilikuta moto unafuka," alisema. "Muhogo juu yake, bado wa moto. Hakuna mutu. Nani anaacha muhogo umeiva?"

"Walioambiwa uko Lusangi," Amisa alisema.

Thuraya ilikwaruza. "Paa kwa Ngazi. Wote wamenaswa machimboni, na bunduki zao. Nyumba ya Rolf imezungukwa."

Amisa aliingia ndani, akainamia kichogo kilichofunuliwa.

"Monsieur Rolf. Aksanti kwa zawadi. Fungua mlango mwenyewe, wasiuvunje."

Akang'oa betri.

Zakaria alikuwa amesimama nyuma yake. "Wale wawili wa kwanza," alisema. "Niliwataja hapa. Kwa kinywa changu. Jina la huyu, njia ya yule."

Amisa alimtazama. Alitia kisanduku mfukoni, akatoka barabarani, akainua mkono. Pikipiki ya kwanza ilisimama.

"Wapi, mama?"

"Lusangi," alisema, akipanda. "Nina mgeni wa kuhoji."