Nilizuia Mlango Usivunjwe, Mama Yangu Akiwa Ndani

Nina miaka arobaini na moja, mkulima wa tangawizi huku Mamba, milimani Same. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaeleza sijamwambia hata mchungaji wangu...

Mama yangu mzazi alihamia kwangu alipoanza kusahau. Mwanzoni alisahau majina tu. Baadaye akawa anatoka asubuhi akidai anakwenda kwa mama yake, ambaye alishafariki miaka mingi iliyopita! Siku moja tulimkuta korongoni, miguu inavuja damu.

Tangu hapo nikawa namfungia ndani kila nilipokwenda shamba. Madirisha yana nondo, basi namwachia uji na maji, nafunga kwa nje, naondoka. Ningefanya nini? Mume wangu anafanya kazi Same mjini, watoto wako shule ya bweni.

Jirani yetu, Mzee Mchome, alishaniomba.

"Mama Neema, niachie ufunguo mmoja. Ukichelewa nitamtazama bibi."

Nilikataa. Sikutaka ijulikane kanisani kwamba mama yangu namfungia kama mbuzi!

Siku hiyo nilirudi saa saba mchana. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nafika mlangoni, napapasa... haupo! Nilikimbia tena shambani, nikafukua matuta yote niliyovuna asubuhi. Wapi!

Nikarudi, nikagonga. Mama alikuwa palepale nyuma ya mlango.

"Nifungulie, mwanangu," alisema. "Kifua kinanibana."

Mama alilalamika kila siku. Leo kifua, kesho magoti. Nikamwambia avumilie kidogo.

Nilimpigia mume wangu, mwenye ufunguo wa pili. Akasema anakuja, ila nisithubutu kuvunja mlango wa mninga tuliouweka juzi tu.

Punde akaja Mzee Mchome, aliyeniona nikihangaika mlangoni, mtaimbo begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka.

"Sogea, mwanangu. Hii ni kazi ya dakika moja."

Sikusogea! Nilisimama kuuzuia mlango kwa mgongo wangu. Nikasingizia mume wangu atafoka. Lakini ukweli niujuao mimi na Mungu wangu ni huu: mlango ukivunjwa, watu wangejaa, wangeuliza kwa nini kikongwe amefungiwa peke yake.

"Mama amelala, baba," nikamwambia. "Tusimwamshe."

Uongo! Wakati nasema hivyo, mgongoni kwangu nilisikia kucha zake zikikwaruza mbao, taratibu... Mzee masikio yake ni mazito, hakusikia. Akaondoka akitikisa kichwa.

Baadaye kukawa kimya. Nikaita mara moja, hakujibu. Mnajua nilifanya nini? Nilishukuru! Nilijiambia sasa amelala kweli. Nikaketi barazani, nikaendelea kusafisha tangawizi.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, mume wangu akafika saa kumi na moja jioni, amejaa tope. Akazungusha ufunguo. Kitasa kikaachia, lakini mlango ukagoma kusogea. Kuna kitu kizito kiliuzuia kwa ndani...

Alikuwa mama! Amelala sakafuni, amevaa gauni lake la kanisani, viatu amevigeuza, cha kulia mguu wa kushoto. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Msibani walinifariji. Walisema nimemtunza vizuri, ni mtu mzima, amepumzika. Kila neno lilinichoma. Mzee Mchome peke yake ndiye aliyenivuta kando.

"Mama Neema... alikuwa amelala kweli?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji ya wageni.

Mlango ule tuliuondoa, tukaweka mwingine. Haikusaidia. Mchana nikiwa peke yangu sebuleni, nasikia kucha zikikwaruza mbao. Mume wangu anasema ni panya. Ametega mitego kila kona, hajanasa hata mmoja! Nikienda kufungua, hakuna mtu. Nikirudi kukaa, zinaanza tena... Je, mama bado anasubiri nimfungulie?

Ndugu zangu, nawasihi. Kama una mgonjwa wa kusahau, usimfiche, waambie jirani zako. Wape ufunguo. Na ikitokea umefungiwa nje na mtu wako yuko ndani, usihesabu uzuri wa mlango, usimsubiri mwenye ufunguo, usiogope watu watasema nini. Vunja! Vunja kwanza, maelezo utayatoa baadaye, huku umemshika mkono ungali na joto.