Wageni Wasioondoka

Joanitha alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Mwanawe mdogo, Rwekaza, alikaa kwenye mkeka akichezea maganda. Mbele ya nyumba watoto wa shule walikuwa wanapita. Sare zao zilikuwa mpya na kubwa kidogo, kama sare za Januari zilivyo siku zote.

Joyness, binti yake wa miaka tisa, alisimama dirishani. Aliwatazama mpaka wa mwisho akapita.

"Mama, mimi nitaanza lini?"

"Karibuni tu," alisema Joanitha. Alikuwa amejibu hivyo jana, na juzi pia.

Nyumba hii iko Kagondo, katika Manispaa ya Bukoba. Joanitha na mumewe Buberwa walihamia hapo mwezi Desemba, wakitokea Dar es Salaam. Buberwa ni fundi wa friji. Kule Dar walikaa katika chumba kimoja, watu wanne. Kodi ilipanda kila mwaka. Buberwa aliondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mwisho wa mwezi hakikubaki kitu.

Ndipo Joanitha akasema kwamba friji huharibika Bukoba pia. Nyumba huko ni nafuu, chakula ni nafuu, na tena ni kwao. Buberwa alifikiri, akakubali. Mimi nawasifu kwa uamuzi huo. Watu wengi huona mzigo unawalemea, lakini hawathubutu kuutua.

Kosa lilikuja baadaye, tena lilikuja na adabu zake.

Basi walilosafiria lilijaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Desemba ya kwetu mnaijua. Kila aliye mbali hurudi, na kila mji hupata wageni. Buberwa alipokuwa anashusha mizigo Kagondo, jirani mmoja alimwambia, "Karibuni likizo." Buberwa akajibu, "Asante, tumekuja kula sikukuu." Uongo ukatoka wenyewe. Mwenye nyumba anaishi Mwanza, kwa hiyo majirani waliamini kwamba amewaazima wageni nyumba yake kwa siku chache.

Kwa nini Buberwa alisema hivyo? Aliona aibu. Mama yake, Ma Kokubanza, anaishi kijijini Rubafu. Kila mwaka alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe aliyeko Dar. Usharika mzima ulimjua huyo mtoto wa Dar.

"Nitamwambiaje kwamba nimerudi?" Buberwa alimuuliza mkewe. "Watu watasema jiji limenishinda. Nipate kwanza kazi, ndipo nimwambie."

Habari za Kagondo hufika Rubafu upesi kuliko gari. Kwa hiyo Kagondo nao wasiambiwe.

Krismasi walikwenda Rubafu. Walikula vizuri, wakacheka, wakaimba. Siku ya kuagana Ma Kokubanza aliwafungia ndizi, kahawa ya kutafuna na senene, wale panzi wetu wa msimu, wa kukaanga, wa kupeleka Dar. Aliwaombea safari njema. Buberwa aliitikia "Amina" akiwa ameinamisha kichwa. Senene hao wa safari waliliwa Kagondo, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka mpya ulipoingia, majirani nao walianza kuwaaga. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mmoja alileta karanga, mwingine maharage, mwingine mkungu wa ndizi. Buberwa alishukuru kila zawadi. Wiki iliyofuata alikutana na watu wale wale njiani.

"Kumbe bado mpo?"

"Tumeongeza siku kidogo."

Mgeni ana heshima yake, lakini mgeni hapelekewi friji bovu. Nani angempa kazi mtu anayeondoka kesho? Buberwa alikaa nyumbani na vifaa vyake ndani ya begi. Rwekaza hakupelekwa kliniki, na siku yake ya kupimwa uzito ilikuwa imepita. Zaidi ya yote, shule zilifunguliwa na Joyness hakwenda. Shuleni wangeuliza, "Mnakaa wapi? Mmehamia lini?" Wazazi wake hawakutaka kuulizwa. Kwa hiyo mtoto alifungua daftari lake la darasa la pili, akarudia hesabu ambazo alikwisha kuzipata.

Jirani yao wa karibu ni Bi Zuena, ambaye wengi humwita Mama Twaibu. Ni Mwislamu wa pale pale mjini, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Siku moja aliingia uani, akamwona Joyness na daftari lile. Aliketi karibu na Joanitha.

"Mama Joyness, mimi si mtu wa kuuliza mambo ya watu," alisema. Huyo ndiye mtu anayeuliza kuliko wote Kagondo. "Basi lenu linaondoka lini?"

Joanitha aliweka kisu chini. Alitaka kusema wiki ijayo, lakini akamwona binti yake ameinua kichwa kusikiliza.

"Hakuna basi, Mama Twaibu," alisema. "Tumehamia." Kisha akalia.

Bi Zuena hakumcheka. Alimshika mkono, akasikiliza habari yote tangu mwanzo. Buberwa aliporudi alimkuta bado ameketi, na alipoyaona macho ya mkewe alijua kwamba siri imetoka. Alikasirika. Alisema mambo ya nyumbani kwake ni ya nyumbani kwake. Bi Zuena alimwacha amalize, halafu akamwambia akae.

"Baba Joyness, kuhama si aibu," alisema. "Watu huhama kila mwaka. Ila kuhama kuna taratibu zake. Jambo la kwanza ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mjitambulishe, mwandikwe kuwa wakazi. Hapo mtapata barua ya utambulisho. Siku mkipata shida, mtaa utawajua."

"Na shule?" aliuliza Joanitha.

"Nendeni shule mnayoitaka, muulize kama nafasi ipo. Nafasi ikiwepo, mwalimu mkuu wa shule aliyotoka mtoto anaanzisha uhamisho, na mwalimu mkuu wa hapa anampokea. Chukueni cheti chake cha kuzaliwa. Shule ya serikali haina ada. Ninyi mtanunua sare na madaftari."

Joanitha aliuliza habari ya Rwekaza. Je, kadi ya kliniki ya Dar itakubaliwa? Bi Zuena alimwambia kwamba kadi ni ya mtoto, si ya mji. Aende nayo kituo cha afya kilicho karibu, nao wataendelea pale wenzao walipoishia.

Buberwa alikuwa anaangalia sakafu. "Nikiandikwa kwa mwenyekiti, mama yangu atasikia," alisema. "Nipeni mwezi mmoja."

"Darasa la tatu bado lina nafasi, lakini watoto wengine wanahamia pia," alisema Bi Zuena. "Likijaa, huyu atatembea mpaka shule ya mbali, kila siku, na mvua hizi. Na yanayofundishwa leo nani atamfundisha? Wewe unaweza kungoja mwezi mmoja. Yeye hawezi."

Buberwa alimtazama binti yake. Joyness alikuwa amelifunga daftari na kuliweka mapajani, kama mtoto anayengoja kuitwa.

Asubuhi Buberwa alikwenda Rubafu peke yake. Alimkuta mama yake kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, anapalilia maharage. Ma Kokubanza alishtuka. Alidhani mwanawe yuko Dar. Buberwa alimwambia kila kitu akiwa amesimama. Mama alisikiliza huku ameegemea jembe.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Maisha ya kule yalituelemea. Hapa tunaweza kuishi."

"Na mjukuu wangu anasoma wapi?"

"Bado hajaanza."

Hapo tu ndipo mama alipokasirika. "Umemnyima mtoto shule kwa sababu yangu? Ili mimi niendelee kujisifu kanisani?" Alitupa jembe chini, akaja karibu naye. "Buberwa, mwana wange. Kila nilipokushukuria mbele ya watu, nilikuwa na ombi jingine la moyoni. Niliomba urudi nikiwa bado na macho ya kukuona. Mungu amenijibu, na wewe umelificha jibu lake Kagondo."

Buberwa alilia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zake. Naye mama alilia, kwa furaha. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye shukrani kuliko hao wawili.

Mambo yaliyobaki hayakuwa magumu. Mwenyekiti wa mtaa aliwapokea vizuri, akawaandika, akawapa barua. Mwalimu mkuu, Mwalimu Felicitas, aliwaambia kwamba wamechelewa lakini nafasi ipo. Buberwa alipiga simu shule ya Dar, na mwalimu mkuu wa huko akaanzisha uhamisho. Baada ya siku chache jina la Joyness lilikuwa limefika. Rwekaza alipimwa uzito, akapata chanjo iliyokuwa imempita, akapiga kelele zilizosikika nje ya geti.

Leo Buberwa ana kibanda chake cha ufundi, na mchana hurudi kula na watoto wake. Joyness aliyafikia masomo ya wenzake kabla ya likizo ya Juni. Majirani bado wanawatania kuhusu zawadi za safari. Joanitha haoni vibaya. Husema kwamba walishukuru kwa uongo, sasa wanashukuru kwa kweli.

Lakini siku anayopenda kuisimulia ni ile ya kwanza ya shule.

Ma Kokubanza alifika kutoka Rubafu amevaa nguo zake za kanisani. Alikataa mtu mwingine amshike Joyness mkono. Shule si mbali, lakini walichelewa, kwa sababu bibi alisimama kwa kila aliyekutana naye. Alimsimamisha muuza samaki, akamsimamisha mwenye duka, akawasimamisha hata watu asiowajua.

"Huyu ni mjukuu wangu," aliwaambia. "Mwanangu amehamia hapa na watu wake. Yule pale nyuma. Ni fundi wa friji."

Buberwa alikuja nyuma yao amembeba Rwekaza, akiisikia siri yake inatangazwa kila kona. Muuza samaki alimwita. Friji lake lilikuwa haligandishi tangu Jumapili. Buberwa alisema atakuja saa nne. Kisha akamtazama mama yake, akasema taratibu, "Wakola waitu." Ndiyo asante yetu sisi, na siku hiyo alihisi haitoshi.

Walipofika getini kengele ililia. Joyness aliuachia mkono wa bibi, akakimbia ndani na wenzake. Hakugeuka.

"Hajatuaga," alisema Ma Kokubanza.

"Atatuagaje, Mama?" Joanitha alijibu. "Mchana anarudi nyumbani."