Kitambaa cha Tarehe Ishirini na Tisa

"Ilmo, kabla watalii hawajarudi, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza."

Terhi alivuta pumzi. Walikuwa wamesimama juu kabisa ya ngazi za kanisa kuu jeupe la Helsinki, upepo wa baharini ukiwachoma mashavu, na chini yao Uwanja wa Seneti umefunikwa na theluji. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno yake, akayapangua, akayapanga upya.

"Hivi, mimi na wewe..."

"Samahani, dada! Choo kiko wapi?"

Alikuwa mzee mmoja wa kundi lao, mtalii mwenye kofia ya manyoya. Ziara ilikuwa na saa moja tu tangu ianze, na hilo lilikuwa swali lake la tatu la choo.

"Pale chini, mzee. Jengo la njano, mkono wa kushoto."

Alipogeuka, Ilmo alikwisha kushuka ngazi kumi. Ameinama na ndoo yake ndogo, anamwaga mchanga juu ya barafu ili mama mmoja mwenye fimbo asiteleze.

"Ilmo! Nilikuwa naongea na wewe!"

"Barafu hii itamvunja mtu mguu," alijibu bila kuinua kichwa.

Terhi aliuma meno. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwongoza watalii. Ilmo ndiye dereva wa basi lao. Miaka tisa yeye anasema kwenye kipaza sauti, Ilmo anaendesha. Miaka sita kati ya hiyo wamekuwa wapenzi, kila mtu na nyumba yake, kila mtu na sufuria yake. Na katika miaka yote sita, neno la ndoa halijawahi kutoka kinywani mwa mwanamume huyu.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa dada yake, Marketta:

"UMESHAMWULIZA?"

"Bado," Terhi aliandika.

"Leo ikipita utangoja miaka minne mingine. Na Turku wanataka jibu saa tisa. Mwulize!"

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari, siku ambayo kwa Wafini mwanamke ana ruhusa ya kumchumbia mwanamume. Mwanamume akikataa, ni lazima amnunulie huyo mwanamke kitambaa cha kushonea sketi. Wengi huichukulia kama utani, lakini Terhi hakuwa na nguvu za utani. Jumba la makumbusho la mji wa Turku lilikuwa limempa kazi aliyoiota tangu ujana, awe mkuu wa waongozaji wote. Mwisho wa kujibu ni leo saa tisa alasiri. Ilmo akisema ndiyo, watapanga pamoja. Akisema hapana, ataondoka peke yake na hatarudi nyuma.

Alichotaka ni jibu tu.

* * *

Kituo cha pili kilikuwa kwenye bustani, mbele ya sanamu ya mabomba ya chuma. Watalii walijipiga picha, wakaingiza vichwa chini ya mabomba na kupiga kelele wasikie mwangwi. Terhi akamfuata Ilmo kando ya basi.

"Ilmo, leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Ishirini na nane ilikuwa jana."

Ilmo alitazama tairi la mbele kana kwamba ndilo lenye jibu. "Basi ni ishirini na tisa."

"Na unajua siku hii ina nini?"

"Ina upepo."

"Ilmo!"

"Tairi hili halina upepo wa kutosha," alisema, akapotelea upande wa pili wa basi.

Terhi alibaki amesimama peke yake, machozi ya hasira yakimganda kwenye kope. Alipanda basini ajifiche. Kwenye kiti chake alikuta glovu zake. Ilmo alikuwa amezilaza juu ya kipasha joto, kama afanyavyo kila asubuhi ya baridi, nazo zilikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Siku nyingine angezivaa na kutabasamu. Leo alizitupa sakafuni.

"Joto la glovu nitalifanyia nini?" alinong'ona. "Mimi nataka neno."

Ndipo simu ya Ilmo, iliyokuwa mbele ya usukani, ikawaka. Terhi hakuwa na tabia ya kuchungulia. Lakini maandishi yalikuwa makubwa, na jicho halina mlango wa kufunga haraka.

"Kitambaa chako kiko tayari. Mita mbili na nusu, bluu, ile sufi nzuri kabisa. Pitia kabla ya saa nane. Orvokki."

Aliisoma mara mbili. Mita mbili na nusu. Kitambaa cha sketi.

Swali lenyewe hajaliuliza, na mwenzake amekwisha kununua jibu la hapana.

* * *

Watalii wa siku ile watakumbuka kwamba ndani ya kanisa lililochongwa kwenye mwamba, mwongozaji wao alisimama chini ya kuba la shaba, akataja mwaka ambao kanisa lilifunguliwa, kisha akanyamaza dakika nzima. Wakadhani ni sehemu ya ziara. Wakampigia makofi.

Nje, Terhi alimpigia dada yake.

"Amenunua kitambaa, Marketta."

"Nini? Umemwuliza akakataa?"

"Sijamwuliza! Amekataa kabla!"

"Yule bubu! Miaka sita anakula supu yako! Basi usimwulize. Pigia watu wa Turku sasa hivi, uwaambie unakuja."

"Nitawapigia. Lakini kwanza anitazame usoni."

* * *

Saa nane kasorobo basi liliegeshwa bandarini. Watalii walipewa saa moja na nusu. Wengine walikimbilia mahema ya sokoni kula supu ya samoni, wengine wakaenda kutazama kivuko kikipasua barafu kuelekea kisiwa cha ngome. Ilmo alitoweka bila kuaga.

Aliporudi, saa nane na robo, alikuwa na furushi la karatasi ya kahawia kwapani. Terhi alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani.

"Umetoka wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"La... vitu."

"Nipe hicho kitu."

Ilmo alilificha furushi nyuma ya mgongo, mwanamume mzima wa miaka arobaini na minne. "Bado hujaniuliza," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe ulikuwa unajua! Asubuhi nzima unanikimbia na ndoo, unanikimbia na tairi, kumbe unajua! Na Orvokki ni nani?"

"Orvokki? Orvokki ana miaka sabini na minane, Terhi. Ndiye aliyeshona mapazia ya basi hili."

"Sawa. Sasa weka hilo furushi chini, unikatae kwa mdomo wako. Miaka sita hujawahi kuniambia kitu kwa maneno. Hata kunikataa unataka kitambaa kikusemee? Sema: Terhi, sikutaki."

Ilmo alilitoa furushi nyuma ya mgongo, akalikumbatia.

"Sema!"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

Ilmo akaketi kwenye ngazi ya mlango, furushi magotini, akazungumza akiitazama sakafu.

"Wiki iliyopita barua yako ya Turku ilibaki kwenye kiti. Nikaisoma. Nisamehe. Hiyo kazi umeitaka tangu siku ya kwanza nilipokujua. Nikajua tarehe hii inakuja. Nikajiambia, akiuliza nikasema ndiyo, atabaki hapa kwa ajili yangu, kisha kila siku atanitazama na kukumbuka alichokiacha. Nikasema bora nimpe kitambaa. Nikachagua kizuri. Nilitaka uende ukiwa umependeza."

"Kwa nini hukuniambia kwamba umeisoma?"

"Na wewe, kwa nini hukuniambia kwamba umeandikiwa?"

Hasira aliyoibeba tangu asubuhi ilikuwa bado nzito, ila sasa hakujua amtupie nani.

Kiti cha nyuma kikalia. Wote wawili walishtuka. Yule mama mwenye fimbo alikuwa amekaa pale muda wote, blanketi miguuni.

"Nisameheni, wanangu. Nje kuna baridi, sikushuka." Alijikohoza. "Mimi nina miaka themanini na miwili. Sina nafasi ya kungoja tarehe kama hii nyingine. Muulize, binti, na wewe kijana inua kichwa."

Ilmo aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa upepo.

"Ilmo," alisema Terhi, "unataka tuoane?"

"Ndiyo."

"Sema tena, nimesubiri sana."

"Ndiyo. Ningesema ndiyo tangu mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza! Na ulikuwa unangoja nini, mtu wewe?"

"Mwenye kipaza sauti ni wewe."

Terhi alicheka na kulia pamoja, akampiga bega kwa ngumi, kisha akaegemea bega lilelile. Mama wa kiti cha nyuma akageukia dirishani, akajifanya anahesabu shakwe.

"Na Turku?" Terhi aliuliza baada ya muda.

"Kwa treni ni mwendo wa saa mbili tu. Na Turku kuna barabara. Penye barabara dereva hakosi kazi."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika sita. Terhi alipiga simu Turku.

"Habari za mchana. Ni Terhi. Ndiyo, nimeamua. Nakuja."

Mwanamke wa upande wa pili alifurahi, akaanza kueleza mambo mengi: mshahara, siku ya kuanza, nyumba ya wafanyakazi. "Ni chumba kimoja, kidogo lakini safi. Unakuja peke yako, sivyo?"

Terhi alimgeukia Ilmo, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno. Akashangaa kuona mkono mkubwa ukinyoosha vidole na kuichukua simu sikioni mwake. Ilmo, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuzungumza na mgeni kwenye simu ila kutaja namba ya basi, alisimama wima kama anaapishwa.

"Habari za mchana, mama. Jina langu ni Ilmo. Hapana, haji peke yake. Mimi ni mume wake, bado siku chache tu. Chumba kimoja hakitatutosha. Mke wangu anaongea sana, na mimi sasa nimeanza."