Sumu Kwenye Tovuti ya Yuditha

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Yuditha alifungua tovuti ya shamba lake la Kibosho akapiga yowe. Chini ya maneno "Kahawa Isiyojua Dawa" kulikuwa na picha mpya: mwanamume aliyefunika uso, bomba mgongoni, anapulizia mibuni sumu. Mnunuzi wa Ujerumani alikuwa ameshaiona. Asipopata maelezo kabla ya saa kumi, anavunja mkataba.

"Miaka sita nang'oa magugu kwa mikono hii!" Yuditha alifoka.

Dada yake Dominika, mpelelezi mstaafu, alikuwa amekasirika kumshinda. Paswedi walikuwa nayo watu watatu tu: Yuditha, msichana Kindness aliyeitengeneza tovuti, na shemeji Leodegar, ndugu wa mume wa Yuditha, aliyeoa Tarakea na kulima huko, ambaye humwandikia mnunuzi kwa Kiingereza. Saa nne kamili wote walikuwa sebuleni.

"Shikamoo, mama," Kindness alimwamkia Dominika.

"Marahaba. Picha imewekwa jana saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Kanisani, mama. Naimba kwaya, usharika mzima uliniona."

Leodegar akadakia. "Mnahangaika bure! Huyo pichani ni jirani, Ndelilio. Jumamosi nilimwona kwa macho yangu, anapulizia hii mibuni ya shemeji."

Ndelilio akaitwa, akaja anawaka. "Jumamosi nilishinda msibani Moshi mjini! Dawa napuliza kwangu, si kwa mtu. Mna wazimu?"

Dominika aliirudia ile picha. Aliikuza mpaka vikaonekana vilele vya Mlima Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, nyuma ya mibuni.

"Yuditha, ukisimama shambani kwako, Mawenzi iko upande gani wa Kibo?"

"Kulia. Hata mtoto anajua."

"Hapa iko kushoto. Na maandishi ya kwenye bomba yanasomeka vizuri, kwa hiyo picha haijageuzwa. Imepigwa nyuma ya mlima, upande wa Tarakea." Akamgeukia Leodegar. "Nani hapa analima Tarakea? Mwongo mkubwa wewe!"

Leodegar akasimama, mishipa imemtoka shingoni. "Ndiyo, ni mimi! Barua naandika mimi, shamba hili ni kihamba cha baba yangu, halafu tovuti nzima ni Yuditha, Yuditha! Mkataba ungevunjika, Mjerumani angenunua kwangu!"

Kisha akaona nyuso zao, akanywea. Alitoka nje, akarudi na jani la isale lililofungwa fundo, akampa Yuditha kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nyongo ilimpanda Dominika. Mshenzi huyu, anajificha nyuma ya mila!

Yuditha akalipokea.

"Nimekusamehe, shemeji. Sasa kaa hapo uandike kwa hicho Kiingereza chako: nani kapiga picha, wapi, na kwa nini. Kindness, mpige picha ya uso, uiweke palepale."

"Shemeji, dunia nzima itaniona!"

"Andika."

Saa tisa kasoro robo Mjerumani alijibu: mkataba upo. Kwenye tovuti, juu ya ungamo lake, Leodegar alikuwa anatazama chini, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa.